Shamba la Namba

Siku ya tatu baada ya maziko ya Mama Zainabu, nyumbani kwake Majengo, Nyeri mjini, tulikuwepo hawa: Zainabu, mwanawe wa pekee, Mzee Idi, jirani aliyeongoza dua, Mwalimu Theuri, aliyewafundisha Zainabu na dada yangu kompyuta walipokuwa wasichana, dada yangu Wangechi, aliyefika asubuhi kutoka Nanyuki, wanawake watano wa mtaa waliokuwa wakipika, na mimi, Ndirangu, kifungua mimba wa nyumba yetu. Nilikuwa nimevaa koti zito ingawa jua lilikuwa limetoka, kwa sababu katika mfuko wa ndani wa koti hilo kulikuwa na kipande cha katoni ambacho nimekiweka tangu mwaka ninaotaka kuusimulia. Nawataja wote kwa sababu ningeweza kukitoa mbele ya yeyote kati yao, na kila mmoja angekielewa baada ya dakika mbili za maelezo.

Wanaume tulikaa nje chini ya turubai, wanawake ndani, na kati yetu palikuwa na mlango ulio wazi wenye pazia jepesi. Nilimsikia Wangechi akiwasimulia wale wanawake habari ambayo nimeisikia katika harusi yake, katika ubatizo wa watoto wake, na siku alipohamia nyumba yake mwenyewe. "Huyo kaka yangu mnamwona hapo nje," alisema, "aliachia shule form two. Lakini mtihani yangu, mimi nilipita kwa sababu yake. Alinichorea shamba ya kina baba sakafuni na chaki." Mwanamke mmoja akasema, "Mashallah, shamba na kompyuta wapi na wapi?" Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka kulia. Mwalimu Theuri, aliyekaa karibu nami, alinigusa goti na kutikisa kichwa kwa heshima. Nikatazama chini. Nimetazama chini kila mara habari hiyo inaposimuliwa, na watu husema Ndirangu hapendi sifa.

Mwaka huo Wangechi alikuwa na miaka ishirini na mimi ishirini na sita. Tuliishi katika chumba kimoja Ruring'u, kimegawanywa kwa leso mbili zilizoshonwa pamoja, upande wake ukiwa na kitanda na upande wangu godoro, jiko la mafuta ya taa, na sanduku la vyombo. Mimi nilifanya kazi kwa Fundi Gachanja, mkandarasi wa kuvuta waya za kompyuta katika maofisi. Nilipanda darini, nikatoboa kuta, nikatambaa chini ya meza za watu ambao hawakuniuliza jina. Wangechi alikuwa amemaliza masomo ya cheti katika chuo kidogo mjini, na Mwalimu Theuri alikuwa amewaambia yeye na Zainabu kwamba cheti cha chuo pekee hakitawafikisha popote. Ulikuwepo mtihani mwingine wa mitandao ya kompyuta, wa kimataifa, unaofanyiwa Nairobi mbele ya kompyuta, na kampuni moja ya Nanyuki ilikuwa tayari kuajiri atakayeupita. Nyumbani kijijini Gakindu, baba mkubwa alitaka Wangechi arudi achume kahawa na aolewe. Nilimwomba mwaka mmoja. Akaniambia, "Mwaka moja, Ndirangu. Akianguka, umrudishe hapa wewe mwenyewe na mkono yako."

Kitabu cha mtihani kilikuwa kinene kama Biblia ya madhabahuni, na tulikipata kwa mtu aliyekwisha kukitumia, kikiwa hakina jalada. Mwanzoni nilikichukia kwa sababu kilikula mafuta yetu ya taa. Kisha nikaanza kumsaidia. Nilikata paketi tupu za unga kuwa kadi, yeye akaandika swali upande mmoja na jibu upande wa pili, na jioni, githeri ya mahindi na maharagwe ikichemka, nilimuuliza. "Taja rangi za waya kwa mpangilio." Hapo alikuwa anababaika, na mimi, niliyezifunga rangi hizo kwa vidole vyangu kila siku, nilimtajia bila kutazama: chungwa yenye mstari mweupe, chungwa, kijani yenye mstari, buluu, buluu yenye mstari, kijani, kahawia yenye mstari, kahawia. "Wewe unajua hata bila kusoma," alisema. Nilifurahi, halafu nikaumia. Baada ya miezi miwili nilikuwa naijua nusu ya kadi zile kabla hajafungua mdomo, na nilitamka jibu kimoyomoyo na kumngojea. Akikosa, kitu fulani ndani yangu kiliinuka na kukaa wima. Sikukipa jina wakati huo. Sasa nakijua. Nilikuwa namwonea wivu mtoto niliyemlea, kwa sababu ya kiti ambacho nilimpa mimi mwenyewe.

Sehemu iliyomshinda kabisa ilikuwa kugawa anwani. Kila kompyuta katika mtandao hupewa namba yake, kama nyumba inavyokuwa na anwani. Mtihani unakupa fungu la namba mia mbili hamsini na sita, unakutajia ofisi nne zenye mahitaji tofauti, na unakutaka uzigawe bila ofisi mbili kugongana. Vipande vina vipimo vyake, kumi na sita, thelathini na mbili, sitini na nne, na kuendelea hivyo kwa kuongeza mara mbili, na katika kila kipande namba ya kwanza na ya mwisho hazipewi mtu. Wangechi alilia juu ya jambo hili. Jumapili moja baada ya kanisa nikasogeza sanduku la vyombo, nikachukua chaki, nikamchorea sakafuni shamba la babu. Sote wawili tulikuwepo siku lilipogawanywa, yeye akiwa amenishika mkono. Mpimaji alivuta mnyororo wake, wazee wakafuata, na kila alipoishia mmoja ilipandwa itoka, lile ua gumu ambalo kwetu halipandwi ila kuonyesha mpaka, na ambalo mtu mwenye akili timamu haling'oi. Wa kwanza kukatiwa alikuwa baba mkubwa, kisha aliyemfuata, kisha aliyemfuata, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Sisi tulisimama mahali pa baba yetu, aliyekuwa kitinda mimba, tukapata kilichobaki, mteremko wa kando ya kijito.

"Sasa ona," nilimwambia. "Kila kipande kiko na njia upande huu na itoka upande ule. Njia si ya mtu, itoka si ya mtu. Hizo ndizo namba mbili hazipewi kompyuta. Ofisi ya kwanza ni baba mkubwa. Mkatie yake, panda itoka. Ofisi ya pili inaanzia hapo tu, panda itoka. Mpaka mwisho." Aliifuata mistari kwa kidole. Kisha akachukua chaki mkononi mwangu, akagawa fungu la kitabu bila kunitazama, na lilikuwa sahihi. Akagawa lingine. Akaruka, akanikumbatia shingo, akasema, "Mũrũ wa maitũ! Kumbe ni shamba tu!" Maneno hayo kwetu yana maana ya mwana wa mama yangu, na ndivyo alivyoniita tangu tulipobaki wawili. Sijawahi kupewa cheti maishani, lakini najua mtu akipewa anavyojisikia, kwa sababu ya Jumapili ile.

Tatizo lilikuwa Majengo. Kwetu taa ya mafuta, kwa Zainabu umeme, na kompyuta mbili za zamani ambazo Mwalimu Theuri aliwaazima. Wangechi akaanza kwenda huko mara moja kwa wiki, kisha mara tatu, kisha akawa anakuja Ruring'u kubadilisha nguo. Mama Zainabu alikuwa mjane aliyeuza mahamri na chapati kwa wafanyakazi wa mjini. Alikuwa mnene, mpole, mwenye sauti ya chini, na alimwita kila mtu mwanangu, hata kanjo, askari wa baraza la mji, waliokuja kumsumbua. Nilifika kwake mara moja mwanzoni, nikakaa ukingoni mwa mkeka, nikala pilau yake, nikatazama jinsi alivyomwondolea Wangechi mfupa mgumu sahanini na kumwekea kipande laini, bila kukatiza mazungumzo. Sikuwahi kufikiria kufanya hivyo. Nilikuwa nimempikia mtoto huyu miaka kumi na mmoja na sikujua kwamba hapendi mifupa.

Tangu hapo nilianza kuhesabu. Alikula wapi jana, alikula nini, alisema nini aliporudi. Alileta bakuli lililofunikwa kwa kitambaa safi, akisema, "Mama Zainabu amekutumia," nami nilisema nimeshiba, nikala githeri yangu ya baridi mbele yake ili aone. Kitu kilichonikata zaidi kilikuwa nywele. Nilimsuka Wangechi mimi mwenyewe tangu akiwa na miaka tisa, kwanza vibaya sana hadi watoto wa shule wakamcheka, kisha vizuri, mistari minane iliyonyooka, kila Jumamosi, yeye ameketi kwenye kigoda, mimi nyuma yake na kitana. Wanaume wenzangu walinitania: "Ndirangu, saloni inafunguliwa saa ngapi?" Sikujali. Jumamosi moja alirudi kutoka Majengo akiwa na mistari midogo midogo, mizuri kuliko yangu yote, inayong'aa mafuta ya nazi. Akazunguka ili nione. "Nimependeza?" Nikamwambia, "Imekaza sana. Utaumwa na kichwa." Akaingia upande wake wa leso. Nilisikia akishika nywele zake taratibu, na sikuomba msamaha.

Watu wakisikia wivu hufikiria wapenzi. Mimi nilimwonea wivu mwanamke mzee kwa sababu ya chapati. Nilimwonea Zainabu kwa sababu alikuwa na mama hai na bado akamgawia dada yangu, kama mtu mwenye nguo mbili. Nilimwonea Wangechi kwa sababu alikuwa ameipata nyumba, na mimi, niliyesimama mlangoni miaka yote ili asinyeshewe, sikuwa nimeingia mahali popote. Haya nayaandika leo kwa utulivu. Wakati ule nilijiambia tu kwamba msichana amekuwa na kiburi.

Alhamisi kabla ya Jumatatu ya mtihani, Fundi Gachanja alinituma Kiriaini, katika ofisi za wakulima wa chai, kumsaidia injinia mmoja mwanamke aliyekuja kutoka Nairobi kuweka mtandao. Nilishika ngazi, yeye akapanga namba. Ofisi zilikuwa nne, zimeandikwa ukutani kwenye karatasi: ya mlinzi kwanza, kwa sababu iko langoni, kisha ya hesabu, kisha nyingine. Injinia alianza na ile ya tatu. Sikuweza kujizuia.

"Madam, mbona umeruka? Si ungeanza na hii ya kwanza, halafu ingine ifuate pale imeishia?"

Akashusha kalamu, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Nani alikufundisha wewe?"

"Nilijifundisha tu."

"Basi ulijifundisha vizuri, lakini utaanguka hapo." Alirarua kipande cha katoni ya vifaa, akaandika tarehe pembeni, kama alivyofanya kwenye kila kitu siku hiyo, na akanichorea. "Hii si shamba, eti mtu anaanzia pale jirani ameishia. Kipande cha sitini na nne kinaanzia sifuri, au sitini na nne, au mia moja ishirini na nane. Hakianzii kumi na sita ati kwa sababu mlinzi ameishia hapo. Kina mahali pake. Kwa hivyo unaanza na ile kubwa, ndogo zinajipanga nyuma. Ukianza na ndogo, kubwa itaangukia juu ya mpaka."

Nilisimama na ngazi mkononi. Yeye alisema shamba kwa mfano tu, hakujua. Nilirudi akilini katika kitabu chetu kisicho na jalada, nikaona kwamba mifano yake yote ilikuwa imepanga ofisi kuanzia kubwa kwenda ndogo. Ndiyo sababu Wangechi alikuwa anapata. Siku atakayokutana na swali lililopangwa vingine, atagawa kwa mpangilio wa kuzaliwa, kama wazee wa Gakindu, na kila kipande kitakuwa kibaya. Na mtihani ule haurudi nyuma. Ukishabonyeza kuendelea, umekwenda. Nikatia katoni mfukoni. Sikungoja hata chai ya saa kumi.

Nilifika Majengo jua likiwa bado juu ya mapaa. Mlango wa Mama Zainabu ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Nilinyoosha mkono kubisha, nikamsikia Zainabu ndani akisema, "Sasa nimeshika. Kumbe ni rahisi hivi! Hii ya shamba nani alikufundisha? Mwalimu?"

Nilingoja. Nakumbuka nilitabasamu, peke yangu, mbele ya pazia.

"Hapana," dada yangu alisema. "Niliiwaza tu mimi mwenyewe."

"Ee, uko na akili wewe."

"Kaka yako naye," akauliza Mama Zainabu, sauti yake ikitoka upande wa jikoni, "hizi kompyuta anazijua?"

"Yeye ni wa kuvuta waya tu," Wangechi akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja kazi ya mtu. Kisha akasema, "Mama, hii chapati niongeze?" Na yule mwanamke akajibu, "Ongeza, mwanangu, ongeza."

Nilishusha mkono. Nilitembea hadi Ruring'u, nikala ugali na chumvi, katoni ikiwa mfukoni.

Hata hivyo, hiyo ya kuondoka ningeweza kujisamehe. Mtu akipigwa ngumi huinama, si kosa. Kosa langu ni la siku iliyofuata. Ijumaa mchana Wangechi alikuja kuchukua kitambulisho chake na sweta, kwa sababu angelala Majengo hadi Jumatatu, yeye na Zainabu wasafiri pamoja hadi Nairobi. Alisimama katikati ya chumba akiwa na nywele zile. Alikuwa na hofu. Nilimlea, nilijua hofu yake ilivyokaa kwenye mabega. Akachukua kadi kwenye sanduku, akanipa. "Niulize kidogo tu. Zile za kugawa. Naogopa hizo."

Koti lilikuwa limening'inia msumarini nyuma yake, na lile jibu lilikuwa ndani yake.

"Muulize mama yako," nilisema.

"Ati mama yangu?"

"Si ni huyo wa Majengo. Huyo wa chapati."

Alinitazama kama mtu aliyetupiwa maji. Aliweka kadi chini moja moja, akazinyoosha pembe, akachukua sweta, akatoka. Nilikuwa na Ijumaa jioni, Jumamosi nzima na Jumapili nzima. Majengo si mbali na Ruring'u. Nilifua nguo. Nilienda kanisani. Nilimsikiliza mhubiri akisema juu ya upendo na nikakubali kila neno.

Zainabu alipita. Wangechi alianguka kwa alama chache sana. Kompyuta inakuambia palepale na kukuchapia karatasi, na karatasi ile ilionyesha ni sehemu gani iliyomwangusha. Alirudi Ruring'u, akaketi kitandani na viatu, mkoba begani. "Walipanga ndogo kwanza," alisema. "Niligawa vile tulifanya, haikukubali. Nikarudia, haikukubali. Dakika zikaisha hapo. Kichwa yangu ni ndogo, Ndirangu. Wacha nirudi Gakindu." Nilimchemshia chai. Nikamvua viatu. Sikusema. Siku kumi na mbili sikusema, na katika siku hizo alipika, akafagia, akanifulia hata soksi, alikuwa wangu kabisa, hakwenda Majengo hata mara moja, na lazima niandike kwamba kuna jioni nilikuwa na furaha.

Siku ya kumi na tatu Mama Zainabu alikuja mwenyewe. Wangechi alikuwa ameenda kuteka maji. Aliketi kwenye kigoda cha kusukia, akahema, akatazama chumba chetu chote bila kukidharau, kisha akanipa bahasha. Ilikuwa ada ya kurudia mtihani. Nilianza kukataa, akainua mkono. "Si yako, ni ya mtoto. Na sitaki irudi." Kisha, kwa sauti ileile ya kuagiza sukari, akasema, "Ile Alhamisi ulikuja ukasimama pale nje. Niliona miguu yako chini ya pazia. Nilikumiminia chai, mwanangu. Ikapoa."

"Nilikuwa napita tu, Mama."

"Haya." Akaondoka kwenye kigoda kwa shida, akishika goti. "Mtu anayepita tu hasimami hivyo. Ulikuwa na neno. Siku ukitaka kuniambia, chai ipo."

Aliniita mwanangu, nami nikamwita Mama, na sikugundua hadi alipokuwa amefika barabarani.

Jioni ileile nilisogeza sanduku. Sikutoa katoni, kwa sababu ya tarehe iliyo pembeni, ya kabla ya mtihani. Nilinakili kila kitu kwenye kadi mpya ya paketi ya unga, nikamwambia Wangechi, "Nimeuliza injinia kazini wiki hii. Kosa lilikuwa langu. Shamba halikugawanywa vizuri." Nikachora shamba kama mwanzo, nikaufuta mpangilio wa wazee kwa kitambaa, nikachora upya. "Sahau nani alizaliwa kwanza. Tafuta nani ana watoto wengi. Huyo ndiye anakatiwa kwanza. Sisi wa kijitoni tunajipanga nyuma." Alielewa mara moja, kama kawaida yake. Akaweka mkono mdomoni. "Kumbe ilikuwa hii tu! Ungejua mapema, Ndirangu!"

"Ningejua mapema," nikasema.

Huo ndio uongo wenyewe, maneno mawili. Alipita mara ya pili na alama za kuzidi. Kule Majengo kukapikwa pilau, na mbele ya Mwalimu Theuri na Mama Zainabu, Wangechi alisimama, akashika glasi ya soda kwa mikono miwili, akasema, "Niliwadanganya. Nilisema hii ya shamba niliiwaza mimi. Ni ya kaka yangu. Niliona haya kusema imetoka kwa mtu wa waya. Mnisamehe, na yeye anisamehe." Alilipa deni lake hivyo, kwa sentensi chache, akiwa na miaka ishirini, kisha akaketi na kuendelea kula. Mama Zainabu alinitazama kutoka upande wa pili wa mkeka. Alikuwa na birika mkononi. Alinimiminia, akangoja kidogo, kisha akampa mwingine. Hadi leo, katika mambo yote ya dada yangu, kazi yake, gari lake, vyeti vilivyofuata ambavyo hata majina yake siyajui, hakuna ninachomwonea wivu kama wepesi ule wa kusimama.

Miaka ikapita. Nilikwenda Majengo mara nyingi, Idd na Krismasi, na mwisho nilikwenda hospitalini. Mama Zainabu hakuniuliza tena. Alinimiminia tu, akangoja ule muda mfupi, nami nikazungumzia mvua, bei ya unga, magoti yake. Mwezi uliopita, mikono yake ikiwa haiwezi tena kushika birika, alimwambia Zainabu anipe chai, na akangoja vilevile, macho yake yakiwa juu yangu. Muuguzi akaingia. Nikashukuru muuguzi ameingia.

Kwa hiyo siku ile ya tatu, Mzee Idi alipomaliza dua na watu wakaanza kutawanyika, Zainabu alitoka kupitia lile pazia na kikombe. Alikaa kwenye kiti cha Mwalimu Theuri kilichobaki wazi. "Kaka Ndirangu," alisema, "Mama aliniambia kitu cha ajabu wiki ile ya mwisho. Ati wewe uko na neno lake. Nikamuuliza neno gani. Akasema hajui, lakini lisipomfikia yeye, basi ni la Wangechi." Alingoja. Alingoja kama mama yake, kichwa kikiwa upande. Niliingiza mkono kwenye koti, nikagusa pembe ya katoni, ambayo imekuwa laini kama kitambaa.

Wangechi akatoka nyuma yake akifunga leso kichwani, macho mekundu, nywele za kando ya masikio zimeanza mvi. "Mũrũ wa maitũ," alisema, "twende? Nitakuangusha Ruring'u. Umekunywa chai?"

"Nakunywa," nikasema.

Nilikunywa yote, ikiwa ingali moto, nikamrudishia Zainabu kikombe. Njiani Wangechi aliendesha polepole na kunieleza kwamba binti yake mkubwa anaanza kusomea mtihani uleule, na kwamba amemwahidi binti huyo kuwa mjomba wake atakuja na chaki. Nilisema nitakuja. Jioni, nilipotundika koti msumarini, niliitoa ile katoni na kuitazama karibu na taa. Mistari ya injinia imefifia, namba kadhaa hazionekani. Tarehe bado inasomeka.